Maswali ya Wasomaji: Makaa ya Mawe, Moshi Wake na Mafuta Yake

Barua nyingi za safari hii zinahusu makaa ya mawe yanayosemwa kuwa "safi". Barua tumezifupisha, majibu hatukuyabana. Mtaona tunarudia swali moja: uchafu umekwenda wapi? Salfa na majivu vilivyomo kwenye jiwe havipotei kwa kuchomwa. Vinahamishwa tu, na mitambo yote inayotajwa hapa chini inatofautiana kwa mahali inapovihamishia.

SWALI: Shule yetu ya bweni imeacha kuni, sasa tunapikia mkaa wa kufyatuliwa unaotokana na makaa ya mawe. Nusu saa ya kwanza moshi ni wa njano na unawasha macho, halafu unakata kabisa. Wiki iliyopita mpishi mmoja alianguka jikoni, na saa hiyo hapakuwa na moshi hata kidogo. Muuzaji anasema mkaa wake hauna madhara. Tatizo ni mkaa au jiko? — Mwalimu wa zamu, Njombe

JIBU: Mwalimu, hayo ni matatizo mawili, na linaloua ni hilo la pili.

Tuanze na moshi wa njano. Jiwe la makaa likipata joto la nyuzi 350 hivi huanza kutoa gesi na mvuke wa lami. Mvuke huo ukikutana na moto mkali, unaungua wote. Ukikutana na hewa baridi, unaganda kuwa moshi. Wapishi wengi huweka karatasi na vibanzi chini na mkaa juu, kwa hiyo lami inayofukuzwa kutoka kwenye mkaa wa juu haina moto wa kuichoma. Inapanda moja kwa moja hadi machoni.

Dawa yake haina gharama. Katika vitongoji vya Afrika Kusini, ambako makaa ya mawe huchomwa kwenye imbaula, yaani ndoo au pipa lililotobolewa, ilienezwa njia inayoitwa kwa Kizulu Basa njengo Magogo, "washa kama bibi". Ni kuwasha kutoka juu, na vipimo vilionyesha moshi unapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa jiko lenu fanyeni hivi. Kung'uteni majivu yote. Jazeni mkaa mpaka robo tatu ya kina cha jiko, vipande vya sentimita nne hadi sita, bila kuvishindilia. Juu yake wekeni karatasi, kisha vibanzi vikavu, na kilango cha hewa cha chini kiwe wazi kabisa. Washeni. Vibanzi vikishika, tupieni konzi mbili za vipande vidogo vya mkaa juu ya moto. Moto utashuka wenyewe, na gesi ya chini italazimika kupita kwenye kaa jekundu kabla ya kutoka. Sufuria ipandishwe baada ya dakika 15 hadi 20.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuongeza mkaa mpya juu ya kaa jekundu katikati ya mapishi, maana hapo mmerudi kulekule kwenye moshi. Pimeni mkaa wa mlo mzima tangu mwanzo. Ikibidi kuongeza, sukumeni kaa jekundu nyuma, upande wa dohani, na mkaa mpya uwekwe mbele karibu na kilango ili moshi wake upite juu ya kaa.

Sasa mpishi. Dalili ulizozieleza zinaelekea kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hutoka kwa wingi wakati kaa limeshakuwa jekundu, moshi umekata na hewa ni haba. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana mkaa usio na moshi unahitaji tahadhari zaidi: moshi ulikuwa unawafukuza wapishi nje, sasa hakuna wa kuwafukuza. Mji wa Ulaanbaatar, Mongolia, ulipiga marufuku makaa ghafi Mei 2019 na kuwapa watu mkaa wa kufyatuliwa. Vumbi la moshi lilipungua, lakini msimu huohuo wa baridi uliripoti watu waliozidiwa na gesi, wengine wakafa. Kutokuwa na moshi na kutokuwa na sumu ni mambo mawili.

Kagueni dohani leo. Iwe na kipenyo kisichopungua sentimita 15, itoke juu ya kilele cha paa, na isiwe na kona ya mraba ambako masizi hujazana. Washeni karatasi yenye moshi mwingi mbele ya mdomo wa jiko: moshi uvutwe ndani. Ukirudi usoni kwenu, dohani imeziba au ni fupi. Kifuniko cha dohani kisifungwe kamwe wakati kuna kaa jekundu, hata kama lengo ni kubana matumizi. Na kwa baridi ya Njombe tunajua kishawishi kilipo: jiko lisiingizwe bwenini wala chumba cha mlinzi usiku, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Anayeumwa kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu atolewe nje mara moja, na aliyeanguka apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa kuwa anahitaji oksijeni. Muuzaji aliyewaambia mkaa wake hauna madhara msimsikilize tena kwa jambo hili.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Mbinga, karibu na machimbo ya Ngaka. Tunapata vipande vidogo vya makaa na vumbi kwa bei ndogo. Tunataka kutengeneza mkaa mbadala wa kupikia. Tupeni vipimo. — Katibu wa kikundi, Ruvuma

JIBU: Wazo si geni. Shirika la madini la taifa, STAMICO, linauza mkaa wa aina hii kwa jina la Rafiki Briquettes. Lakini kabla ya kununua hata pipa moja, pelekeni sampuli kwenye maabara ya GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, Dodoma, mpimiwe majivu, salfa na gesi inayotoka jiwe likichomwa. Bila namba hizo tatu mnapiga ramli.

Vumbi lenyewe waachieni wachoma matofali. Mkilijaza kwenye pipa, joto haliingii katikati: pembeni litaungua, ndani litabaki bichi. Tumieni vipande vya ukubwa wa sentimita moja hadi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuyachoma makaa bila hewa, kwa nyuzi 500 hadi 600, ili lami na gesi vitoke kabla mkaa haujafika jikoni kwa mama ntilie. Chukueni pipa la lita 200, lijazeni theluthi mbili tu, kwa sababu baadhi ya makaa huvimba. Kifuniko msikifunge kwa boliti, kikandamizeni kwa jiwe. Kutoka kwenye kifuniko teremsheni bomba la nchi mbili, fupi, lenye mteremko, liingie kwenye moto unaochoma pipa kwa chini, ili gesi ijichome yenyewe. Hapa ndipo ajali hutokea: bomba likiwa refu na baridi, lami inaganda ndani yake, linaziba, shinikizo linapanda, na kifuniko kilichofungwa kwa boliti kinaruka kama kombora. Jiwe juu ya kifuniko ndiyo valvu yenu ya usalama.

Kama hamna kipimajoto, tazameni mwali kwenye mdomo wa bomba. Mwanzoni ni mrefu, wa njano, wenye masizi. Baadaye unafupika na kuwa wa bluu. Ukianza kufa, ondoeni moto. Kwa pipa la kiasi hicho hesabuni saa tatu hadi tano. Kisha zibeni mdomo wa bomba na pembezoni mwa kifuniko kwa udongo, muache mpaka kesho yake. Makaa yakifunguliwa yakiwa ya moto hujiwasha yenyewe mara yanapogusa hewa. Makaa ghafi yaliyo na gesi robo yatawaachia zaidi kidogo ya robo tatu ya uzito, na makaa haya yaliyochomwa ndiyo malighafi yenu.

Msichome mpaka gesi iishe kabisa. Mkaa usiobaki na gesi hata kidogo hauwaki kwa kibiriti wala kwa maombi. Asilimia nane hadi kumi na mbili ikibaki, unawaka vizuri na moshi wake ni mdogo.

Yasageni yapite kwenye chujio la milimita tatu. Kwa kilo 100 za unga huo:

– unga wa muhogo kilo 4, upikwe uji kwa lita 30 za maji
– chokaa iliyozimwa kilo 5
– udongo wa mfinyanzi kilo 5

Uji ndio unaoshika mkaa ukiwa mbichi na ukiwa stoo. Jikoni wanga huungua mapema, na mkaa usio na udongo huporomoka kuwa vumbi na kuzima moto. Ndiyo kazi ya udongo. Chokaa ni ya salfa: kama makaa yenu yana salfa asilimia moja, kilo 100 zina kilo moja ya salfa, ambayo kwa hesabu ya kemia inahitaji kilo 2.3 za chokaa iliyozimwa. Tunaweka maradufu kwa sababu sehemu kubwa ya chokaa haikutani na salfa. Na msitangaze kwamba salfa imekwisha. Katikati ya jiko kuna joto kali na hewa haba, na hapo chokaa huiachia tena sehemu ya salfa iliyoishika. Harufu ya kiberiti kilichowashwa itapungua, haitaisha.

Kamateni konzi ya mchanganyiko muibane: ukishikana bila kuchuruza maji, fyatueni. Siku ya kwanza anikeni kivulini, kisha juani siku tatu hadi tano. Mkaa uliopasuka umekaushwa haraka au unga wake ni mkubwa. Ulioota ukungu una maji ndani. Mzuri ukiangushwa kutoka kimo cha mita moja kwenye sakafu ya saruji haumeguki zaidi ya ncha.

Lami itakayovuja msiipake kwenye mbao za mabanda ya kuku wala msiimwage mtoni. Ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi na mapafu. Irudisheni kwenye moto wa pipa, kidogo kidogo.

SWALI: Mwalimu alituambia kuna mitambo inayochoma makaa ya mawe ndani ya mchanga, na kwamba salfa haitoki. Inawezekanaje? — Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Inawezekana, na ni teknolojia inayofaa makaa yenye majivu mengi. Maamba, kusini mwa Zambia, kuna mtambo wa megawati 300 wa namna hiyo unaochoma makaa ya daraja la chini.

Hewa inasukumwa kutoka chini kwa nguvu mpaka mchanga na majivu vinaelea na kuchemka. Makaa ni sehemu ndogo tu ya mzigo ulio ndani, asilimia chache. Kwa kuwa mchanga wa moto unagawa joto kila mahali, moto unaendelea kwa nyuzi 850 hivi, badala ya 1,300 na zaidi za boila linalopuliza makaa yaliyosagwa. Kwa joto hilo nitrojeni ya hewa karibu haiungui kabisa, na mawe ya chokaa yanafanya kazi yake vizuri: yanageuka chokaa, chokaa inaikamata salfa, inakuwa jasi.

Chukua boila linalokula tani 10 za makaa kwa saa, salfa asilimia moja. Hiyo ni kilo 100 za salfa, ambazo zingetoka kama kilo 200 za dioksidi ya salfa. Kwa hesabu ya karatasi zinahitajika kilo 312 za mawe ya chokaa. Kwa kawaida huwekwa mara mbili hadi mbili na nusu, tuseme kilo 780, ili kukamata asilimia 90. Kwa nini upotevu wote huo? Jasi inachukua nafasi kubwa kuliko chokaa iliyoizaa, kwa hiyo inaziba vinyweleo vya punje kwa nje na moyo wa punje unabaki bila kuguswa. Punje ikiwa kubwa, moyo uliopotea ni mkubwa. Ikisagwa laini mno, inapeperushwa kabla haijafanya kazi.

Sasa usimwache mwalimu wako aondoke hivihivi. Hizo kilo 780 zinatoa zenyewe kilo 340 hivi za hewa ukaa zinapogeuka chokaa. Joto la chini nalo huongeza oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Na mchanga unaochemka unakwangua mabomba ya mvuke: mabomba yaliyotoboka ni sababu ya kawaida ya boila hizi kusimama. Joto likipita nyuzi 900 ukamataji wa salfa unashuka, na majivu yenye sodiamu na potasiamu yanaanza kunata. Mchanga unashikana mabonge, kuchemka kunakoma, na mtambo unazimwa ili watu waingie na nyundo.

SWALI: Walipotaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe hapa kwetu walisema dohani itakuwa na vichujio na hatutaona moshi. Vichujio hivyo hufanya kazi kweli? — Lamu

JIBU: Hufanya, vikilishwa na kufagiliwa. Mtambo wa Lamu wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni na mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapungufu. Kwa hiyo tuelekee kwenye mtambo uliojengwa: Kusile, Afrika Kusini.

Kusile ina mashine sita za takriban megawati 800, na ilikuwa ya kwanza ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, kujengwa na kisafisha salfa tangu mwanzo. Moshi unapitishwa kwenye mnara unaonyunyiza tope la mawe ya chokaa, salfa inabaki kwenye tope na kuwa jasi. Ukamataji wake ni mzuri kuliko wa mchanga, zaidi ya asilimia 90, na chokaa inayopotea ni kidogo sana. Ila moshi unatoka umelowa na umebeba matone ya tope. Oktoba 2022 tope lililojikusanya ndani ya mfereji wa moshi wa mashine ya kwanza lilikuwa zito kiasi kwamba mfereji ulianguka. Mashine ya pili na ya tatu zilizokuwa zinatumia dohani hiyo nazo zikasimama, karibu megawati 2,100, nchi ikiwa tayari gizani kwa mgao. Zilirudishwa 2023 kwa dohani za muda zisizo na kisafisha salfa, kwa kibali maalumu cha serikali.

Ukiletewa mradi tena, usiulize kama kuna kichujio. Uliza maji ya kunyunyizia yanatoka wapi, jasi na majivu yatalazwa wapi na chini yake kuna nini, na kichujio kikiharibika mtambo unazimwa au unaendelea. Jibu la swali hilo la mwisho liandikwe kwenye leseni. Macho yasikudanganye pia: vumbi likikamatwa kwa asilimia 99 dohani huonekana haitoi kitu, na gesi ya salfa haina rangi.

SWALI: Nasikia Afrika Kusini wanatengeneza dizeli kwa makaa ya mawe. Kwa nini sisi wenye makaa ya Mchuchuma na Kiwira tunaagiza mafuta? Na dizeli hiyo inaharibu pampu? — Dereva wa malori, Tunduma

JIBU: Umesikia sawa. Ujerumani ilianza: Friedrich Bergius aliyageuza makaa kuwa mafuta kwa hidrojeni na shinikizo kubwa, akapata Nobeli 1931 pamoja na Carl Bosch. Franz Fischer na Hans Tropsch wakapata njia ya pili mwaka 1925, huko Mülheim. Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini iliundwa 1950, ikatoa mafuta yake ya kwanza 1955 Sasolburg, kisha ikafungua kiwanda cha Secunda miaka ya 1980 mwanzoni, wakati nchi hiyo ikihofia kunyimwa mafuta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Secunda imejengwa kutoa takriban mapipa 150,000 kwa siku.

Makaa hayakamuliwi mafuta, yanavunjwavunjwa. Kwanza yanapewa mvuke na oksijeni safi kwa shinikizo, yanageuka kaboni monoksidi na hidrojeni. Gesi hiyo inaoshwa salfa mpaka iishe, kwa sababu kiasi kidogo tu kinaua kichocheo cha chuma kinachofuata. Makaa yana hidrojeni kidogo, na mafuta yanataka hidrojeni mbili kwa kila kaboni monoksidi moja, kwa hiyo sehemu ya gesi inachanganywa na mvuke ili itoe hidrojeni zaidi. Hapo ndipo hewa ukaa nyingi inapozaliwa. Mwisho gesi inapita juu ya kichocheo na kuungana kuwa petroli, dizeli na nta.

Tani moja ya makaa inatoa pipa moja hadi mawili. Ukihesabu tangu mgodini mpaka kwenye tangi lako, hewa ukaa ni karibu maradufu ya ile ya dizeli ya kawaida, na Secunda hutajwa kama mahali pamoja panapotoa hewa ukaa nyingi kuliko pengine popote duniani. Ongeza gharama ya kiwanda cha oksijeni, maji mengi, na umbali wa Mchuchuma kutoka reli. Sisi tunaona hesabu haifungi, na Secunda yenyewe ilijengwa na nchi iliyoogopa vikwazo, haikuwa inatafuta mafuta rahisi.

Kuhusu pampu: dizeli hii haina salfa karibu kabisa na huwaka upesi. Lakini ni nyepesi na haina ulainishaji, kwa hiyo ikitumiwa peke yake bila dawa ya kulainisha, pampu ya shinikizo italika. Huko inakouzwa huchanganywa na kutiwa dawa kabla ya kufika kituoni. Mpira wa zamani kwenye viungo vya mabomba unaweza kusinyaa na kuvuja ukibadilisha ghafla.

SWALI: Hewa ukaa haiwezi kufukiwa tu ardhini? — Bukoba

JIBU: Inawezekana. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Boundary Dam, Saskatchewan, Kanada, unaikamata kutoka mashine moja tangu Oktoba 2014 kwa dawa iitwayo amini, na nyingi inauzwa ili isukume mafuta ghafi kwenye visima. Lakini kazi hiyo inakula robo hivi ya nishati ya mtambo, na salfa au majivu yaliyoponyoka kwenye kichujio huiharibu amini. Mtambo wa Kemper, Mississippi, Marekani, ulikusudia kugeuza makaa kuwa gesi kwanza na kukamata hewa ukaa humohumo. Zaidi ya dola bilioni 7 zilitumika, na Juni 2017 sehemu ya makaa ikasitishwa, mtambo ukabaki kuchoma gesi asilia.

SWALI: Majivu ya mkaa wa makaa ya mawe naweza kuweka kwenye mchicha? Na nyama choma je? — Mama lishe, Mbeya

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Majivu ya kuni ni mbolea. Haya ni udongo ulioungua, na huweza kuwa na arseniki na risasi. Wapeni wafyatua matofali. Nyama na mahindi visigusane na moshi wake: huko Guizhou, China, watu wengi waliokausha mahindi na pilipili juu ya makaa ya mawe ndani ya nyumba walidhurika na floridi, meno yakabadilika rangi na mifupa ikakakamaa, na wengine wakapata sumu ya arseniki. Sufuria yenye kifuniko haina tatizo. Kwa nyama choma tumia mkaa wa miti au gesi.